Kompyuta Iliyotufuturisha

Jumatatu asubuhi, mwezi wa tano. Baridi ya kiangazi imeingia kweli. Nimejifunga kitenge cha pili mabegani, nimeketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma mahali jua linapopiga, na watoto wameshaenda shule. Mume wangu Amisi naye amekwenda kazini. Nyumba iko kimya. Nimefunga Ramadhani, sina cha kupika mpaka alasiri, kwa hiyo leo, daftari langu, utanivumilia, nitaandika mengi.

Nina furaha mpaka naona haya.

Nianze na Saidi, mdogo wangu. Saidi ni mfanyabiashara wa vipuri vya magari, na mara moja kwa mwaka huenda Ulaya kutafuta mali. Safari hii alirudi na sanduku la karatasi ngumu chini ya kwapa, akaliweka mezani kwangu hapa Bel-Air, mtaani kwetu Lubumbashi, bila hata kusalimia vizuri.

"Yaya, hii ni yako," alisema; ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Niliikuta ku dirisha ya magazini, duka kubwa ya kule, pamoja na magari ya batoto ya kuchezea. Banasema imetoka ingine mupya, basi hii banaiuza bei ya chini."

Nilifungua. Ndani mlikuwa na kitu chenye unene wa kitabu cha simu, chenye vitufe kama vya mashine ya kuandikia. Nyaya mbili. Kitabu cha maelezo cha Kifaransa.

"Iko nini?" aliuliza Amisi.

"Ordinatere, kompyuta," alisema Saidi. "Mulifikiri redio?"

Amisi alicheka. Mimi sikucheka. Nilikaa chini.

Lazima nieleze kwa nini, maana hata Amisi, tuliyeoana naye miaka mingi, nilimweleza vizuri wiki hii tu.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi katika kampuni ya shaba, kwenye ofisi ya hesabu. Tulikuwa wanawake kumi katika chumba kimoja, kazi yetu kutoboa kadi kwa mashine, matundu ambayo kompyuta iliyasoma. Kila kadi ilikuwa mtu mmoja: siku zake za kazi, saa zake za ziada, mgao wake wa unga. Tulitoboa asubuhi mpaka jioni, na kelele ya mashine zetu ilinifuata hadi kitandani. Kadi zikijaa kwenye masanduku, zilipelekwa chumba cha pili, nyuma ya kioo. Kule ndiko ilikokaa kompyuta.

Moja tu. Ilijaza chumba kikubwa kuliko nyumba yetu yote. Ilikuwa na makabati marefu kuliko mimi, na viyoyozi vilivyovuma usiku na mchana kwa sababu ilikuwa haipendi joto. Wanaume waliovaa makoti meupe waliingia. Sisi hatukuingia. Tulipitisha masanduku ya kadi kwenye kidirisha kama watu wanaonunua mkate.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma hesabu kwa masista, na nilizipenda. Kitabu cha lugha ya mashine ile kilitupwa kwenye takataka kilipochanika jalada. Nilikiokota nikakisoma mwaka mzima, wakati wa chakula cha mchana. Kisha nikaandika programu yangu. Niliiandika kwa kalamu, kwenye daftari la shule, mistari hamsini na kitu.

Ilikuwa programu ya kuhesabu saa ya jua kuzama.

Sababu yake ni Baba. Baba yangu, Mzee Ramazani, ni fundi wa kushona. Familia yetu ilitoka Kasongo, kule Maniema, na alipokuja huku kusini kutafuta maisha, baba yake alimpa karatasi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, yenye saa za kufuturu kwa kila mwezi wa mwaka. Kwa Baba, karatasi ile ilikuwa neno la mwisho. Tulikaa mbali na msikiti, adhana hatukuisikia. Jua lilipozama mbele ya macho yetu, lilipozama kabisa, Baba aliangalia saa yake na kusema, "Bado." Tulikaa kuzunguka uji, tukinusa, tukimeza mate. Sisi watoto tulijua kwamba jua la Lubumbashi halina mkataba na karatasi ya Kasongo, ila nani angesema?

Basi nilitaka kuthibitisha. Nilipeleka daftari langu kwa mkuu wa chumba cha kioo, mzungu mmoja mrefu ambaye sikumbuki kama aliwahi kukaa chini. Nilimwomba mashine iendeshe programu yangu mara moja tu, Jumamosi, wakati haina kazi.

Alifungua ukurasa wa kwanza. Hakufungua wa pili.

"Citoyenne," alisema, mwananchi kama tulivyoitwa sote siku zile, na alitabasamu, hilo ndilo lililoniuma, "saa moja ya mashine hii inazidi mshahara wako wa miezi mingi. Haikuletwa hapa kwa ajili ya futari ya baba yako. Na kwanza haitafanya kazi. Hii si kazi ya msichana wa kadi."

Nilirudi kwenye kiti changu nikatoboa kadi. Baada ya miaka kadhaa ikaja mashine mpya isiyokula kadi, chumba chetu kikafungwa, tukarudi nyumbani. Daftari nililitia kwenye sanduku la nguo za harusi. Nimehama nyumba tatu nalo.

Maneno yanayobaki ni yale ya "haitafanya kazi". Ya mshahara niliyasahau upesi, yalikuwa kweli tu. Lakini miaka yote hii, nikikoroga ugali, nikifua, nimejiuliza: je, ingefanya kazi? Sikuwa na njia ya kujua. Hakuna mtu niliyemfahamu ambaye angeweza kuwa na kompyuta. Ilikuwa kama kumfahamu mtu mwenye mgodi.

Na sasa Saidi ameniletea moja kwa bei ya redio-kaseti, na nimeiweka mezani karibu na bakuli la chumvi.

Nilisoma kitabu chake kabla ya kuigusa. Nilirudia ukurasa mmoja mara tatu. Kumbukumbu ya kitu hiki kidogo ni zaidi ya mara mbili ya ile iliyokuwa kwenye makabati yote yale. Haina kiyoyozi. Haina koti jeupe. Inatumia televisheni yetu kama kioo chake, na kaseti ya kawaida kama sanduku lake la kuhifadhia. Nikiiwasha tu, inaandika "tayari" na kungoja.

Inaningoja mimi.

Alhamisi nilianza kunakili daftari. Lugha ni tofauti kidogo na ile ya zamani, lakini ni ndugu. Niliielewa kama Mluba anavyomwelewa Mbemba. Niliandika mistari arobaini. Amisi alirudi kutoka kazini, akataka kupiga pasi shati lake, akachomoa waya.

Kila kitu kilipotea. Kioo kilibaki cheusi.

Sikupiga kelele. Nilimwambia polepole kwamba amefuta kazi ya asubuhi nzima. Alisimama pale na pasi mkononi, jitu zima, uso umemshuka. Ijumaa asubuhi niliamka nikakuta ameweka karatasi juu ya tundu la umeme, ameandika kwa herufi kubwa: HAPA MUTU ASIGUSE. Chini yake: HATA MIYE.

Ijumaa hiyo nilimaliza. Sikuwa na kaseti tupu, kwa hiyo nilihifadhi programu juu ya kaseti yake ya rumba. Nilimwambia Jumamosi. Aliuliza ni upande gani. Nikasema upande wa pili. Akasema alhamdulillahi, ule upande wa kwanza ndio mzuri.

Sasa nifike Ijumaa mchana.

Nilikuwa peke yangu. Niliandika tarehe ya siku hiyo na kubonyeza kitufe. Mashine ilifikiri kwa muda wa kupumua mara moja. Ikaandika: 18.26.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita! Mwezi wa tano, hapa kwetu, saa hiyo ni giza, hata mama wa mkaa ameshafunga kibanda chake. Nilifuta, nikaandika upya, nikabonyeza tena. 18.26.

Kwa hiyo yule mzungu alisema kweli.

Nakiri, nililia. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, nililia mbele ya televisheni. Nikaizima. Nikatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa hasira mpaka yakawa uji.

Lakini wakati wa kutwanga kichwa kinafanya kazi chenyewe. Nilianza kujiuliza: saa ile ingekuwa kweli wapi? Ni nchi gani jua linachelewa mwezi wa tano? Nikasimama na mchi mkononi. Ulaya. Kule mwezi wa tano siku ni ndefu. Kanuni za jua nilizitoa kwenye kitabu cha Ulaya, kilichoandikwa na watu wa upande wa juu wa dunia kwa ajili ya watu wa upande wa juu. Nami niliandika umbali wa Lubumbashi kutoka mstari wa ikweta vile vile kama wao, bila kusema kwamba sisi tuko chini.

Ilikosekana alama ya kutoa. Kijistari kimoja.

Nilirudi mezani na mikono yenye majani. Nikaongeza kijistari. Nikabonyeza.

17.54.

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili, nikarudi. Bado ilikuwa pale. Saa kumi na moja na dakika hamsini na nne. Kosa langu la miaka yote lilikuwa dogo kiasi kwamba mashine ile kubwa ingenionyesha kwa dakika moja, kama ningepewa hiyo dakika. Hasira ilinipanda, kisha ikashuka. Nilikuwa na furaha mno, haikupata pa kukaa.

Jioni ile nilisimama uani na Mwamini, binti yangu mkubwa, tukiwa na saa ya Amisi aliyoirekebisha kwa mlio wa redio. Jua lilikuwa jekundu nyuma ya miti. Mwamini alihesabu kwa sauti. Saa ilipofika hamsini na tatu bado ukingo ulikuwepo. Ilipofika hamsini na nne ukaisha.

"Maman!" alipiga kelele. "Umeijua mbele ya jua kuzama!"

Jumamosi, wakati Amisi na watoto walikuwa kwenye salongo, usafi wa lazima wa mtaa, nilikaa na mashine peke yangu, nikicheza. Niliiuliza siku yangu ya kuzaliwa. Niliiuliza siku ya ndoa. Kisha, bila kufikiri, niliiuliza siku moja ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka ule nilipokuwa darasa la tano na Ramadhani iliangukia katikati ya mvua. Ikaniandikia 18.32.

Nilikuwa na nakala ya karatasi ya Baba, niliyoinakili nikiwa msichana. Kwa siku ile ilisema saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili.

Mwezi wa tano karatasi inachelewa, tunafunga dakika kumi na tatu za bure. Hilo ni la kuchekesha. Lakini mwezi wa kumi na mbili inawahi. Wakati wa mvua jua halionekani siku nzima, huna ila karatasi. Mwaka ule, na miaka ya jirani yake, Baba alitwambia tufuturu wakati jua lilikuwa bado juu ya mawingu. Siku baada ya siku. Baba, ambaye akikosea nusu sentimita anafumua mshono wote.

Niliamua nisimwambie. Ana miaka sabini na kitu. Ya nini?

Basi jana, Jumapili, alikuja kufuturu kwetu pamoja na Saidi. Alivaa kanzu yake ya kijivu. Nilimwonyesha mashine, akaizunguka, akaigonga kwa kidole kama anavyogonga kitambaa dukani.

"Hii njo inajua jua?" aliuliza.

"Haijui, Baba. Inahesabu. Leo inasema kumi na moja na hamsini na nne."

"Karatasi inasema kumi na mbili na saba."

"Najua, Baba."

Alitoka uani na saa yake mwenyewe. Sote tukamfuata. Alisimama katikati ya kamba za nguo, mikono nyuma, mpaka ukingo ule mwekundu ulipomezwa. Akaangalia saa. Akaangalia tena mbinguni. Halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, Baba yangu alinyoosha mkono kuchukua tende bila kuangalia karatasi.

Saidi alipiga makofi kama tumefunga goli. Watoto walirukaruka. Dakika kumi na tatu! Uji ulikuwa wa moto bado, na tulizoea kuula umeshaganda juu.

Nilidhani imeishia hapo. Tulisali, tukala, Baba akafuta ndevu, akageukia mashine. Fundi ni fundi.

"Iulize sasa mwezi wa kumi na mbili."

Nilijifanya natafuta waya. Nilisema imechoka, tuiache ipoe. Amisi, ambaye hajui kusoma uso wangu hata siku moja, alisema, "Apana, iko muzima. Iulize."

Ningeweza kuandika namba yoyote kwenye kioo. Baba asingejua. Nakiri nilifikiria kufanya hivyo, vidole vikiwa tayari juu ya vitufe. Lakini nilitunza daftari miaka yote hii ili nijue ukweli wa namba moja. Sikuweza kumdanganya kwa nyingine.

Nikamwonyesha. 18.32.

Alitoa karatasi yake mfukoni, akaifungua, akaweka kidole. Aliona. Nilisikia sufuria ikichemka jikoni.

"Tulikuwa tunakula jua ikali juu, bado kuzama," alisema mwisho. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bote. Na bale batoto. Miye njo nilibaambia."

"Baba, mulikuwa hamujui."

Aliendelea kuangalia karatasi. Kisha nikaona kitu kinabadilika usoni kwake, kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali.

"Zaina. Ile miaka ya mvua, tulikula saa gani?"

"Saa ya karatasi, Baba."

"Apana. Kumbuka muzuri. Miye nilisema saa imefika. Mama yako alijibu nini?"

Mama alituacha miaka minne iliyopita. Nilifumba macho nikamwona, amechuchumaa mbele ya moto, mgongo kwetu.

"Alisema uji haujaiva," nilisema.

"Kila siku! Kila siku ule uji haujaiva! Na tende?"

"Alizifungia kabatini. Ufunguo alikuwa ameufunga ku kitenge, fundo gumu, halifunguki."

"Na mayi?"

Na maji pia. Mtungi ulikuwa ndani, na Mama hakuruhusu mtu ainuke kabla yeye hajaleta sinia. Nikakumbuka lingine. Mama alikuwa akinituma nje kwenye mvua niangalie kuku kama wote wameingia kulala. Nikirudi na kusema bado mmoja, alikoroga tena uji. Nikisema wote wameingia, papo hapo uji uliiva, fundo likafunguka.

"Alikuwa anafuata kuku, apana karatasi!" alisema Saidi.

"Nilimugombeza," alisema Baba. "Mwezi muzima nilimugombeza, nikisema anatuchelewesha. Alinyamaza. Sababu karatasi ilikuwa ya baba yangu, hakutaka kuisema vibaya mbele ya batoto." Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, machozi yanashuka kwenye ndevu. "Ule mwanamuke! Alijua! Na hakuniambia mpaka amekufa!"

Sote tulicheka naye. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna sherehe, nasi tukampa uji.

Baada ya hapo Baba aliomba karatasi nyeupe na rula. Nilimsomea kutoka kwenye kioo, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, naye akaandika kwa mwandiko wake wa Kiarabu, polepole, kama anapima kitambaa cha mteja mkubwa. Hakuna siku hata moja aliyoiandika bila kuniuliza mara mbili. Amisi alikosa habari za televisheni na hakulalamika.

Alipomaliza aliandika mstari mmoja chini kabisa, akautazama, akanisomea:

"Saa za Lubumbashi. Zimehesabiwa na Zaina binti Ramazani."

Akaikunja na kuitia mfukoni. Alisema ataipeleka msikitini Ijumaa, na wakiuliza Zaina ni nani, atawaambia ni mtoto wake aliyefanya kazi na ordinatere.

Sikumsahihisha. Sasa ni kweli.

Jua limeshafika kwenye ngazi ya tatu na kitenge cha pili nimekivua. Shangazi yetu wa Kambove amesikia tayari, sijui kwa njia gani, na Saidi anapita huko keshokutwa. Kambove iko juu kidogo, na magharibi kidogo. Namba zake zitakuwa nyingine. Ngoja niingie ndani nizianze, kabla Mwamini hajarudi kutoka shule na kudai zamu yake kwenye vitufe.